Kufunga diski za Ford Granada kwenye Mustang ya 1965 na 1966

Mustang nyingi za V8 (injini ya silinda nane) za 1965 na 1966 zilitoka kiwandani na breki za dramu za inchi 10 mbele, yaani ngoma za chuma zinazobanwa kutoka ndani. Dramu zikiwa baridi zinashika vizuri. Kwenye mteremko mrefu zinachemka na kupoteza nguvu, na zikilowa maji upande mmoja hushika kabla ya mwenzake, gari likavuta pembeni. Mafundi wa Marekani wamezoea kuchukua breki za mbele za Ford Granada au Mercury Monarch za 1975 hadi 1980, au Lincoln Versailles ya 1977 hadi 1980. Diski zake zina kipenyo cha inchi 11, zina matundu ya hewa katikati, na nati za gurudumu ni tano zenye mpangilio uleule wa inchi 4.5. Granada iliyouzwa Ulaya ni gari tofauti kabisa, spea zake hazihusiki hapa.

Ukifika skrepa, yaani kwenye yadi ya magari mabovu, chukua seti nzima ya pande zote mbili: stabu ekseli (chuma kinachobeba gurudumu la mbele), diski pamoja na haba zake (kitovu cha gurudumu), kalipa (kibanio cha pedi za breki), vishikizo vya kalipa, bati za kukinga vumbi, na kila bolti inayoviunganisha. Bolti moja ya kishikizo ukiiacha, itakusumbua wiki nzima. Mipira ya breki usiichukue. Ya zamani huvimba ndani na kuziba hata ikiwa inang'aa nje. Kagua stabu ekseli mahali beringi inapokaa. Ukiona rangi ya bluu au mikwaruzo inayokwama kucha, beringi iliwahi kuungua hapo, iache. Kwenye diski soma unene mdogo kabisa unaoruhusiwa uliochapwa, kisha upime. Kalipa zilizoganda zichukue tu, kwa sababu duka la spea hupokea kalipa kuukuu na kukupunguzia bei ya zilizokarabatiwa.

Hatari kubwa ya kazi hii ni springi. Katika magari haya springi hukalia mkono wa juu wa kushikilia gurudumu, si wa chini. Ukifungua boli jointi, kiungo kinachounganisha mkono na stabu ekseli, bila kuuzuia mkono huo, unashuka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Gari likiwa bado limesimama kwa magurudumu yake, ingiza kipande cha mbao ngumu kati ya mkono wa juu na chesisi. Ndipo upige jeki na kuweka stendi. Fanya hivyo hata kule skrepa, maana Granada imeundwa vivyo hivyo. Legeza nati ya boli jointi bila kuitoa, gonga ubavu wa tundu la stabu ekseli kwa nyundo nzito mpaka ncha iachie, kisha umalizie nati. Beba spana za inchi. Za milimita zitakula vichwa vya bolti.

Kabla ya kufunga stabu ekseli mpya, ingiza ncha za boli jointi kwa mkono bila nati. Zisicheze hata kidogo. Gari la silinda sita lilikuwa na nati nne na vyuma vyembamba, kwa hiyo kwanza lihamishiwe vyuma vya V8. Tundu la tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) la Granada ni kubwa kuliko ncha ya tairodi ya 1965 na 1966. Usijaze nafasi hiyo kwa washa wala bati. Tafuta tairodi zilizotengenezwa kwa ajili ya mchanganyiko huu. Ukimaliza, pandisha na kushusha gurudumu kwa jeki uangalie kama linageuka lenyewe. Likigeuka kidogo ni tabia inayojulikana ya stabu ekseli hizi. Likigeuka sana, tairodi imekaa kimo kisichofaa. Kupima alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, baadaye ni lazima.

Beringi ziwe mpya, zijazwe grisi ya joto kali. Kaza nati ya beringi kwa Nm 23 hadi 34 (kipimo cha nguvu ya kukaza) huku ukizungusha diski, irudishe nusu mzunguko, kisha kaza tena kidogo sana, Nm 1.1 hadi 1.7, na uweke spiliti pini mpya. Wanaokaza kwa nguvu na kuacha hapo ndio wanaochoma beringi.

Kalipa zikae na vali ya kutolea upepo juu. Ukibadilisha ya kulia na ya kushoto zitafunga vizuri tu, lakini vali itakuwa chini, upepo utabaki juu, na pedali italainika hata ukimwaga lita tatu za mafuta. Weka washa mpya za shaba pande zote mbili za bolti ya mpira wa breki.

Kazi ya mbele ikiisha, nusu bado. Masta silinda, pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, ya 1965 na 1966 ina chumba kimoja: bomba moja likipasuka huna breki kabisa. Weka yenye vyumba viwili iliyokusudiwa diski mbele na dramu nyuma. Kama gari halina busta (kifaa cha kuongeza nguvu ya mguu), chagua masta yenye tundu refu la kupokea fimbo ya pedali. Ya busta ina tundu fupi, na fimbo inaweza kuchomoka ukiwa barabarani. Hakikisha njia ya mbele haina vali ya kubakiza presha ya dramu. Vali hiyo hushikilia presha ya takribani psi 10, na kwa diski presha hiyo inatosha kuziweka pedi zikisugua muda wote hadi zinuke.

Nyuma weka vali ya kugawa presha inayorekebishika. Bila hiyo dramu za nyuma hukwamisha magurudumu mapema na gari hugeuka mkia mbele. Jaza mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, toa upepo ukianza nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto.

Rimu nyingi za zamani za inchi 14 hugusa kalipa, hivyo zungusha gurudumu kwa mkono kabla ya kushusha gari. Kisha kwenye uwanja mtupu wa changarawe, kwa kilomita 30 kwa saa, kanyaga ghafla huku mwenzako akitazama kutoka nje. Magurudumu ya nyuma yakikwama kwanza, punguza presha ya nyuma kwa kuzungusha vali robo mzunguko na urudie mpaka ya mbele yatangulie.