Ampli ikikata sauti: isikilize kabla hujaifungua

"Fundi, sauti inakwenda na kurudi." Hapa Lubumbashi maneno hayo nayasikia sana kuanzia mwezi wa saba, vumbi jekundu linapokuwa limeshaingia hata ndani ya kabati zilizofungwa. Anayeyasema huwa amekumbatia risiva ya sinema ya nyumbani, ile ambayo sisi tunaiita ampli tu, na mara nyingi ameshaambiwa na jirani kwamba imeungua ndani. Namwomba airudishe nyumbani, na kesho yake nakwenda mwenyewe. Ampli iliyoungua kwa kawaida hunyamaza moja kwa moja. Inayonyamaza kisha ikaimba tena, ama kuna mahali inapoteza mgusano, ama inajilinda. Ukiileta peke yake kwenye karakana, umeacha nyumbani nyaya zake, umeme wake na mahali inapokaa, na ugonjwa wenyewe huenda uko huko.

Hatua ya 1: Sikiliza na uandike

Chukua karatasi. Washa ampli na usubiri. Baada ya sekunde chache utasikia "tak" ndogo ndani yake: hiyo ni rele ya bafle (spika), swichi inayounganisha ampli na bafle umeme wa ndani ukishatulia. Mlio huo ukumbuke, utatusaidia hadi mwisho.

Sasa acha icheze mpaka sauti ikatike, na uandike mambo manne. Je, ulisikia "tak" sauti ilipopotea? Ilipotea upande mmoja au pande zote? Ilichukua muda gani tangu kuwasha? Na ukipandisha sauti kidogo, inarudi?

Ikipotea kwa "tak" na pande zote zikanyamaza, ampli imejifunga yenyewe kwa kujilinda: nenda hatua ya 2, ya 3 na ya 4. Ikipotea pande zote kwa sekunde moja au mbili bila "tak", mara nyingi ni chanzo cha sauti au waya wa HDMI: hatua ya 5. Ikififia upande mmoja kimyakimya, hasa ukisikiliza kwa sauti ya chini, kisha ikarudi ukipandisha, basi unayemtafuta yuko hatua ya 6. Ila hata hapo anza na nyaya, kwa sababu hazigharimu kitu.

Hatua ya 2: Nyaya za bafle

Chomoa ampli kwenye umeme. Geuza nyuma yake na uangalie kila tundu la bafle kwa tochi. Unywele mmoja tu wa shaba uliotoroka kutoka upande mwekundu ukagusa mweusi unatosha kuifanya ampli ijifunge. Tena unywele huo haugusi wakati wote: bafle ikitikisika kwa besi, waya nao unatikisika, unagusa, unaachia. Kata ncha iliyochakaa, menya sentimita moja, isokote vizuri, irudishe na ukaze. Shaba ikiwa imekuwa nyeusi au kijani, kata mpaka ufike penye kung'aa.

Kisha badilishana: bafle ya kushoto iweke kulia, ya kulia kushoto, ukiwa umezima. Ugonjwa ukihama pamoja na bafle, tatizo ni bafle au waya wake. Ukibaki upande uleule wa ampli, tatizo liko ndani ya ampli au kwenye kinacholeta sauti. Jaribio hili ni la dakika 5, na fundi asiyelifanya anakisia.

Ukiwa na multimita (kifaa cha kupimia umeme), pima omu, yaani ukinzani, za bafle ikiwa imechomolewa kwenye ampli. Bafle iliyoandikwa omu 8 husoma karibu 6 au 7. Ya omu 4 husoma karibu 3 au 4. Angalia nyuma ya ampli yenyewe inakubali kuanzia omu ngapi. Papa mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa kwetu, alikuwa ameongeza bafle 2 barazani ili wageni wasikie mechi ya Mazembe, akaziunga kwenye matundu yaleyale ya bafle za sebuleni. Omu 8 na omu 8 zikiungwa sambamba hivyo huwa omu 4, na ampli yake ilikuwa ya kuanzia 6. Kwa sauti ya maongezi ilivumilia. Goli likiingia, akipandisha, "tak", kimya. Tuliondoa zile za barazani na shida ikaisha siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Joto na vumbi

Ikijifunga baada ya dakika 30 au saa nzima, kisha ikakubali tena baada ya kupumzika, ni joto. Kwetu sababu ni mbili. Ya kwanza ni dekoda kuwekwa juu ya ampli, au kile kitambaa kizuri cha kufuma ambacho mama amekitandika ili sebule ipendeze. Natambua thamani ya kitambaa kile, lakini matundu ya juu ndiyo pua za ampli. Naomba kitandikwe kwenye meza, chini ya ampli, na juu yake paachwe nafasi ya sentimita 10 hadi 15 bila kitu.

Sababu ya pili ni vumbi letu. Likishakaa kwenye mabati ya kupoozea joto hugeuka blanketi. Ampli ikiwa imechomolewa, tumia brashi laini ya kupakia rangi na kipulizio. Kama ina feni, ishike kwa kidole unapopulizia. Ukiiacha izunguke kwa kasi utaiumiza. Nyumba iliyo kando ya barabara ya udongo ifanyiwe hivi mara mbili katika kiangazi.

Hatua ya 4: Umeme

Ampli zetu ni za volti 220. Weka multimita kwenye umeme wa AC, pima kwenye prizi (soketi ya ukutani) saa 8 mchana, halafu pima tena saa 1 jioni, mtaa mzima unapowasha majiko. Kama mchana ni 215 na jioni ni 165, volti za ndani ya ampli zinashuka karibu robo. Saketi ya kujilinda inaliona hilo, na rele inaachia hasa pale besi inapovuta nguvu nyingi. Pima pia mwishoni mwa ralonji (waya wa kurefusha umeme), si ukutani tu. Ralonji nyembamba inayobeba friji, televisheni na ampli kwa pamoja inapoteza volti njiani.

Stabiliza, kifaa cha kusawazisha volti, inasaidia, ikiwa uwezo wake ni angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya ampli. Lakini sikiliza: stabiliza za rele nazo hulia "tak" zinapobadilisha hatua, na kila badiliko linaweza kuikata sauti kidogo. Kama mlio unatoka kwenye stabiliza, usiilaumu ampli. Na umeme ukikatwa, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuunganisha.

Hatua ya 5: Chanzo na nyaya za dijitali

Cheza muziki kutoka chanzo kingine, kwa mfano simu kwa waya. Ikicheza saa nzima bila kukatika, ampli iachwe. Badilisha waya wa HDMI, au hamisha kwenye tundu lingine. Waya wa optiki usikunjwe kwa kona kali. Ncha yake ikiwa kwenye chombo kilichowashwa hutoa mwanga mwekundu, na vumbi likiuziba mwanga huo, sauti inakatwa.

Kama kimya kinakuja kila tangazo linapoanza, fungua mpangilio wa sauti wa dekoda au televisheni na uchague PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa) badala ya kuiacha ijichagulie yenyewe. Aina ya sauti ikibadilika kutoka Dolby Digital kwenda stirio, ampli hunyamaza kidogo ili kuitambua. Kwa PCM utapoteza sauti ya kuzunguka kwenye filamu, kwa hiyo amua lililo muhimu kwako. Kwa Bluetooth, isogeze simu karibu, kwa sababu inagombea masafa ya gigahezi 2.4 na Wi-Fi.

Hatua ya 6: Rele

Hapa ndipo ampli nyingi zenye miaka 10 na zaidi zinapotupwa bila hatia. Ndani ya rele kuna vidole vya chuma vinavyogusana. Kila mwaka vinaota utando mwembamba. Sauti ya chini haina nguvu ya kuupenya, ndiyo maana upande mmoja unafifia. Ukipandisha, nguvu inautoboa na muziki unarudi. Ukiona dalili hiyo, chomeka ekofoni (spika za masikioni). Katika ampli nyingi ekofoni haipiti kwenye rele hiyo. Pande zote mbili zikisikika safi, umeipata.

Kufungua ni kazi ya mtu aliyezoea. Chomoa na usubiri angalau dakika 15, kisha pima kapasita kubwa kwa volti za DC mpaka zisome chini ya 2. Kapasita hizo hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Usizishoti kwa bisibisi. Kama huna multimita, funga kifuniko na umwite fundi.

Rele ni kisanduku kidogo karibu na matundu ya bafle; ampli ya sinema huwa nazo kadhaa. Gonga taratibu juu yake kwa mpini wa plastiki wa brashi huku mwenzako akisikiliza, ampli ikiwa imewashwa na mkono wako wa pili ukiwa mfukoni. Sauti ikikatika au kurudi, ndiyo hiyo. Zima tena, chomoa tena, subiri tena.

Kama kifuniko cha rele kinatoka, kata ukanda wa karatasi nyeupe ngumu, uloweke kwa alkoholi ya isopropili, uubane kati ya vidole na uuvute mara 5 au 6 mpaka utoke bila weusi. Msasa usitumike kamwe, unakwangua fedha iliyopakwa juu na utando utarudi haraka zaidi. Mimi husafisha ili kuthibitisha tu, kisha naweka rele mpya. Soma volti za koili zilizoandikwa juu yake, mara nyingi 12 au 24, na amperi za vidole, ununue zilezile, zenye miguu iliyopangika vilevile. Ukiwa umeshafungua, tazama na lehemu za matundu ya bafle kwa kioo cha kukuzia. Duara jembamba jeusi kuzunguka mguu ni ufa, ulehemu upya.

Usimrudishie mwenyewe siku hiyo. Iache icheze saa 3 kwa sauti ya chini kabisa, kama ya mtu anayesikiliza watoto wakiwa wamelala. Rele mbovu haiwezi kujificha kwenye sauti hiyo.