Jinsi ya Kupima Undugu wa Majina ya Nguo katika Kiingereza na Kiebrania

Kiingereza na Kiebrania ni lugha za koo tofauti: ya kwanza ni ya Kihindi-Kiulaya, ya pili ni ya Kisemiti pamoja na Kiarabu, Kiaramu na Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia. Hata hivyo, yapo majina machache ya mavazi yenye asili moja, kwa kuwa nguo ni bidhaa, na bidhaa husafiri pamoja na jina lake. Nitatumia zaidi neno "tunic", ambalo ushahidi wake ni mwingi.

Hatua ya kwanza ni kurudi hadi kwenye umbo la kale zaidi la kila neno. "Tunic" limetokana na Kilatini "tunica", vazi ambalo Warumi walilivaa chini ya toga. Kiebrania kina "kuttonet", na hilo ndilo jina la kanzu ambayo Yakobo alimfanyia Yusufu katika Mwanzo 37:3.

Hatua ya pili ni kuweka irabu kando na kutazama konsonanti, kwa maana katika lugha za Kisemiti ndizo zinazobeba shina. Shina la "kuttonet" ni k-t-n, na t ya mwisho ni alama ya jinsia ya kike. Katika "tunica" t na n zipo, lakini k haipo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba neno liliingia likiwa na kt mwanzoni, mfuatano ambao Kilatini hakikuuzoea mahali hapo, hivyo k ikadondoka, kisha kiambishi -ica kikaongezwa. Tungekuwa na Kilatini peke yake, maelezo hayo yangekuwa dhaifu mno.

Ndiyo maana hatua ya tatu, kutafuta njia iliyopitiwa na neno, ndiyo nzito kuliko zote. Kigiriki kina "khiton", vazi la namna hiyohiyo, na katika vibao vya udongo vya Wagiriki wa Mycenae, vilivyoandikwa kabla ya mwaka 1200 K.K., neno hilo limeandikwa "ki-to". Upande wa mashariki, Kiakadi kina "kitu", yaani kitani. Inaelekea basi kwamba jina la kitambaa ndilo lililogeuka kuwa jina la vazi, na wanaodhaniwa kulipeleka magharibi ni Wafoinike, wafanyabiashara wa Mediterania ambao lugha yao ilikaribiana sana na Kiebrania. Kitani chetu wenyewe, tulichokipata kwa Waarabu wanaosema "kattan", ni cha ukoo huohuo.

Hatua ya nne ni kujaribu kulivunja dai lako. "Coat" linafanana na "kuttonet" kuliko hata "tunic", lakini limetoka katika Kifaransa cha kale, nacho kililipokea kwa Wafranki, watu wa kale waliosema lugha ya jamii ya Kijerumani. Hapo hakuna njia inayofika kwa Wasemiti.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Je, "cotton" nalo linatokana na "kuttonet"?

Marahaba. Limetokana na Kiarabu "qutn", likapitia Ulaya ya kusini na Ufaransa. Q na t ya neno hilo la Kiarabu ni sauti nzito, si k na t za kawaida, kwa hiyo usiliunganishe na k-t-n kwa haraka.

Vipi kuhusu "sack"?

Hilo ni salama zaidi: Kiebrania "saq", Kigiriki "sakkos", Kilatini "saccus", kisha Kiingereza. Neno lilelile la Kiebrania hutaja gunia la nafaka la ndugu za Yusufu katika Mwanzo 42 na vazi la maombolezo la Yakobo katika Mwanzo 37:34, nayo Biblia yetu imelihifadhi vizuri iliposema nguo za magunia.

Je, haya hayathibitishi kwamba lugha hizi zina mama mmoja?

Hapana, yanathibitisha biashara. Undugu utafute kwanza katika maneno ya msingi: Kiebrania "shalosh" na Kiarabu "thalatha" hulingana sauti kwa sauti, ilhali "three" iko mbali nayo.

Lakini mwalimu, sisi tumekopa sita, saba na tisa kwa Waarabu, na Kiswahili si cha Kisemiti.

Pingamizi zuri, na ndiyo sababu hesabu peke yake haitoshi, bali sarufi nayo hutazamwa. Tunasema vitabu vitatu na vitabu vinane, lakini vitabu sita: namba hizo za Kibantu zinafuata ngeli, za kukopa hazifuati.