Kutafuta draiva za Linux kwenye kompyuta yenye Windows

Mtu aliyenunua kompyuta mpakato ya mtumba hapa Moshi, kisha akaamua kuweka Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, bila kuifuta Windows iliyokuwamo, mara nyingi hukutana na tatizo moja: mfumo mpya unawaka vizuri na kibodi inaandika, lakini mitandao ya Wi-Fi haionekani kabisa. Kompyuta yenyewe ni nzima. Kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa fulani, na draiva iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows haiufai mfumo wa pili.

Wengi huanza kutafuta draiva kwa jina la kompyuta lililoandikwa kwenye mfuniko, na hapo ndipo bando linapoishia bure. Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Marangu aliniletea kompyuta mbili za modeli moja, zilizonunuliwa siku moja katika duka moja. Tulipozichunguza, moja ilikuwa na kadi ya Wi-Fi ya Realtek na nyingine ya Broadcom. Watengenezaji hubadilisha vipuri ndani ya modeli ileile, na kompyuta ya mtumba huenda imekwishafunguliwa na fundi kabla haijakufikia.

Kinachokitambulisha kifaa kwa uhakika ni namba yake. Kadi ya ndani huwa na namba mbili zenye tarakimu nne kila moja, zikichanganywa na herufi a hadi f: ya kwanza ni ya mtengenezaji (Intel ni 8086, Broadcom 14e4, Realtek 10ec), na ya pili ni ya kifaa chenyewe. Isome ukiwa bado kwenye Windows, wakati intaneti ingali inafanya kazi. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Start, chagua Device Manager, fungua Network adapters, bofya kadi yako mara mbili, nenda Details, kisha chagua Hardware Ids. Ukiona PCI\VEN_14E4&DEV_4365, andika kwenye daftari 14e4:4365; hiyo ni Broadcom BCM43142. Ndani ya Linux, amri lspci -nn, ukiiandika kwenye Terminal (dirisha la kuandikia amri), itakupa namba hizohizo, na kwa vifaa vya USB utatumia lsusb. Namba hiyo ndiyo ya kuandika unapotafuta mtandaoni, pamoja na jina la mfumo wako na toleo lake.

Hata hivyo, usikimbilie kupakua. Draiva nyingi za Linux zimo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo washa kwanza kompyuta kwa flashi ya majaribio (flashi ileile ya kusakinishia Linux), bila kusakinisha chochote, ujaribu Wi-Fi, sauti na mwangaza wa skrini.

Wi-Fi ikikataa, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uruhusu simu ishiriki intaneti yake. Kwa kawaida Linux huitambua papo hapo. Ahirisha masasisho makubwa ya mfumo, kwa sababu hayo ndiyo yanayomaliza bando. Kisha fungua Driver Manager ya Mint, ambayo inaweza hata kuchukua draiva kutoka kwenye flashi ileile uliyosakinishia. Kwa kadi kama ile ya Broadcom, kifurushi kinaitwa bcmwl-kernel-source kwenye Ubuntu, mfumo ambao Mint ya kawaida imejengwa juu yake, na broadcom-sta-dkms kwenye Debian, mfumo mwingine wa Linux.

Hatua inayofuata nimeona ikiwakwamisha hata watu makini. Iwapo Secure Boot, yaani kinga inayokataa programu zisizoidhinishwa wakati kompyuta inawaka, imewashwa, mfumo utakuomba utunge nywila wakati wa kusakinisha draiva ya aina hii, na kompyuta ikiwaka upya itatokea skrini ya buluu inayosubiri kwa sekunde chache tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa kuiidhinisha draiva), thibitisha, kisha andika nywila ile. Skrini hiyo ikikupita, draiva itakuwapo lakini itakataliwa kila mara, nawe utadhani umesakinisha isiyo sahihi.

Kama bado hakuna kitu, andika lspci -k na utazame chini ya kadi yako: mstari wa Kernel driver in use usipokuwapo, hakuna draiva inayoitumia. Ukiwapo, pengine limekosekana faili la fimuwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, na amri sudo dmesg | grep -i firmware itakutajia jina lake. Mengi ya mafaili hayo yamo katika kifurushi linux-firmware.

Zipo kadi zisizokubali kwa njia yoyote, na hapo ni nafuu kununua adapta ndogo ya USB. Nayo usiinunue kwa kuliamini boksi, kwa maana jina moja huweza kubeba chipu tofauti. Nenda dukani na kompyuta yako, betri ikiwa na chaji, uichomeke adapta huku Linux ikiwaka, na ulipe baada ya kuona mitandao imejitokeza.