Damu iliyokauka kwenye tailizi, usikwangue
Juzi nimejikata kidole, matone yakakaukia sakafuni usiku kucha, asubuhi nakwangua na kisu kumbe najichosha tu. Chukua kitambaa, kiloweshe maji BARIDI na tone la sabuni ya vyombo, kilaze juu ya doa dakika 15 hivi, ukikiinua damu imeshalainika unafuta tu inatoka. Maji ya moto usiguse kabisa, protini ya damu inaiva kama ute wa yai halafu inang'ang'ania. Ila ikishazama kwenye maungio ya tailizi au mbao isiyo na vanishi hapo maji hayatoshi, kwenye maungio jaribu haidrojeni peroksaidi ya 3% (ile dawa ya maji ya kuulia vijidudu, ya duka la dawa), itatoa povu, mbao usiipake inapauka. Na kama damu si yako vaa glavu bana.