Hela Imekatwa, Umeme Haujaingia: Namna ya Kuidai Kampuni Ndogo ya Umeme

Vitongoji vingi vya mwambao wa wilaya ya Uvinza mkoani Kigoma, na vya ndani ndani huko Kaliua na Sikonge mkoani Tabora, bado havina nguzo ya TANESCO. Kaya zenye umeme huko zinaupata kwa njia mbili. Wapo waliounganishwa na kampuni ndogo yenye paneli, betri na nguzo zake palepale kijijini, na wapo wenye sola ya mkopo inayolipiwa kwa simu kila siku au kila wiki. Malalamiko yao yanafanana: nimelipa sijapata, nimepata pungufu, uniti zinaisha upesi, deni limekwisha lakini kifaa bado kinajifunga.

Mteja akipiga simu na kuanza na "mnatuibia", mhudumu atajibu "subiri tunalishughulikia", na mazungumzo yameishia hapo. Anayepata majibu ni yule anayeweza kusema hela imekwama wapi. Inapita kwenye simu, inaingia akaunti ya kampuni, inageuka tokeni (namba ya kuongeza uniti), inafika kwenye mita, kisha inaliwa na vyombo vya ndani. Kagua kwa mpangilio huo huo, usiruke.

Anza na simu

Fungua ujumbe wa malipo na usome vitu vitatu: kumbukumbu namba ya muamala, jina la kampuni iliyopokea, na kumbukumbu ya malipo uliyoingiza, yaani namba yako ya mita au ya akaunti. Kosa kubwa limelala kwenye hicho cha tatu. Menyu za *150*00# (M-Pesa), *150*60# (Airtel Money), *150*88# (HaloPesa) na *150*01# (Mixx by Yas) hukuonyesha jina la kampuni kabla ya kuweka namba ya siri, lakini si kila mara zinaonyesha jina la mteja. Ukikosea tarakimu moja, hela inaingia kwa kampuni sahihi na kuwasha taa kwa mtu mwingine kabisa.

Ukigundua kosa, piga 100 kwa mtandao wako na uipigie kampuni siku hiyo hiyo, kabla aliyeingiziwa hajazitumia uniti. Usilipe tena "kujaribu". Muamala uliokwama ukija kupita baadaye, utakuwa umelipa mara mbili, na kurudishiwa hela iliyozidi ni kazi kuliko kupata tokeni iliyochelewa.

Kuhusu mawakala, msimamo uwe mmoja: hakuna ujumbe, hakuna malipo. Wakala akilipa kwa laini yake, ujumbe unabaki kwenye simu yake, na wiki mbili baadaye hakumbuki ni muamala upi ulikuwa wako kati ya mingi aliyofanya. Mwambie, "Kaka, nitumie huo ujumbe kabla sijaondoka." Kama amechukua pesa taslimu ili "aende kulipa mjini", akuandikie kwenye daftari lako kiasi, tarehe na namba ya mita, atie sahihi. Asiyetaka kusaini usimpe.

Tokeni inapokataliwa

Mita za kulipia kabla zenye vitufe hutumia tokeni ya tarakimu 20, na tokeni hiyo imetengenezwa kwa mita moja tu. Ukiingiza kwa jirani inakataliwa, na hiyo si hitilafu. Iandike kwenye karatasi kwa mafungu ya nne nne, kisha mtu mmoja asome na mwingine abonyeze. Mita ikisema tokeni imeshatumika, angalia salio kabla ya kugomba. Huenda mtoto aliingiza asubuhi.

Iko sababu nyingine ambayo bado inawasumbua waliofunga nyumba au duka muda mrefu. Mita za mfumo huu wa tarakimu 20 duniani kote zilitakiwa kuboreshwa kabla ya Novemba 24, 2024. Mita iliyopitwa na tarehe hiyo bila kuboreshwa haipokei tokeni mpya, hata kama ni halali. Wateja wa TANESCO walipewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya mwanzo ya kuboresha mita, la tatu la uniti, na sharti yaingizwe kwa kufuatana. Kama kampuni yako ndogo inatumia mita za aina hiyo na yako ilikuwa imezimwa wakati ule, omba tokeni za kuboresha. Usikubali kuuziwa uniti nyingine juu ya zilizokataliwa.

Mita za kisasa za juu ya nguzo hazina vitufe. Salio linatumwa kwa mtandao wa simu, kwa hiyo mnara wa kijiji ukizimika, kampuni inaona umelipa lakini mita haijapata habari. Hapo usiombe kurudishiwa hela, omba waitume amri upya, na wakupe salio la mita kwa ujumbe wa maandishi.

Uniti pungufu kwenye risiti

Kabla ya kusema umepunjwa, piga hesabu. Uliza mambo manne na uyaandike: bei ya uniti moja, kodi na tozo, ada ya kila mwezi kama ipo, na deni linalokatwa (la kuunganishiwa, la waya, au la friji uliyokopeshwa na kampuni yenyewe).

Mfano wa TANESCO unaonyesha njia. Daraja la T1, la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti, juu yake VAT asilimia 18, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1, jumla asilimia 22. Ukilipa 10,000, igawanye kwa 1.22, unapata 8,197. Igawanye kwa 292, unapata uniti 28 na ushei. Ukikatwa kwanza 1,500 ya kodi ya jengo, zinabaki 8,500 na uniti zinashuka hadi 23.9. Mtu aliyezoea 28 ataapa ameibiwa, kumbe lile kato liko kwenye mstari mmoja wa risiti. Weka bei za kampuni yako kwenye njia hiyo hiyo. Jibu likipishana na risiti kwa zaidi ya uniti moja, hapo una hoja.

Ada ya mwezi na deni hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Anayenunua mara moja kwa miezi mitatu huenda akakatwa ya miezi yote kwa mpigo, ndiyo maana "mwezi huu wamenipa kidogo".

Uniti zinaisha haraka

Hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipo, na ndipo pa kukaa na saa na kalamu.

Kwanza zijue zinakokwenda. Uniti moja ni wati-saa 1,000. Balbu nne za wati 7 kwa saa tano ni wati-saa 140. Televisheni ya wati 40 kwa saa sita ni 240. Subufa ya wati 50 inayopigwa saa nane ni 400. Jumla 780, yaani uniti 0.78 kwa siku, au uniti 23 na kidogo kwa mwezi, na nusu yake imeliwa na subufa peke yake. Friji ndogo ya wati 100 ambayo mashine yake inazunguka jumla ya saa kumi kwa siku inakula uniti nzima kila siku, na kwa joto la mwambao, ikifunguliwa kila mara kuuza barafu, inazunguka zaidi. Hita ya maji ya wati 1,500 kwa dakika ishirini tu inamaliza nusu uniti.

Kisha zima meni swichi ya nyumba na uitazame taa ndogo nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kati ya mita na meni swichi kinachokula umeme wako: waya uliochubuka, au mtu aliyejiunga hapo. Ikitulia, washa meni swichi huku umechomoa kila kitu na kuzima taa zote. Ikianza kupepesa, umeme unavuja ndani ya nyumba, mara nyingi kwenye waya ulioliwa na panya juu ya dari, kwenye unyevu ukutani, au kwenye soketi ya banda la uani usilolikumbuka. Hiyo ni kazi ya fundi, na kampuni haidaiwi.

Mambo yote hayo yakiwa safi, pima mita yenyewe. Kwenye uso wake pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200. Ndiyo idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Chukua balbu ya zamani ya uzi ya wati 100, iwashe peke yake, uhesabu mipepeso kumi. Anza saa taa inapopepesa, usihesabu mpepeso huo wa kwanza. Kwenye mita ya 1000 inatakiwa kuchukua dakika sita. Kwenye 1600, dakika tatu na sekunde arobaini na tano. Usitumie pasi, kwa kuwa inajizima na kujiwasha yenyewe na kuharibu hesabu.

Umeme ukiwa mdogo, balbu inafifia na mipepeso inachelewa, jambo la kawaida mwisho wa laini ndefu. Ukiwa mkubwa inawahi kidogo, kwa hiyo fundi apime volti kwa mita yake ya mkononi wakati huo huo na aandike. Mita ya 1000 ikimaliza mipepeso kumi chini ya dakika nne na nusu huku volti ziko karibu na 230, omba rasmi ipimwe mbele yako au ibadilishwe. Sili, yaani kifungo cha kampuni kinachozuia mita isifunguliwe, usiiguse hata kama imelegea. Ukikata sili, wewe ndiye mshtakiwa, na malalamiko yako yanakufa.

Sola ya mkopo

Sola ya mkopo inahesabu siku, haihesabu uniti. Ukilipia siku saba, saa inatembea hata mvua ikinyesha siku tano mfululizo na betri isijae. Kwa Kigoma na Tabora, kati ya Novemba na Aprili hilo halikwepeki, na kampuni haitakufidia mawingu. Kiangazi nako vumbi na moshi wa jikoni hufunika paneli. Ifute kwa kitambaa kilicholowa maji matupu, asubuhi ikiwa bado ya baridi.

Hitilafu ya kifaa ni jambo jingine. Betri ikifa ndani ya dhamana, siku ulizolipia zinaendelea kuisha huku unakaa gizani. Ripoti siku hiyo hiyo kwa ujumbe wa maandishi, maana fidia ya siku, pale mkataba unapoitoa, huhesabiwa tangu uliporipoti. Simu ya mdomo kwa wakala haiachi alama.

Wanaoishi kwa dagaa au tumbaku waangalie sana ratiba ya malipo kabla ya kusaini. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, malipo ya kila siku hayakusubiri. Uliza: nikikosa kulipa mwezi, deni linasimama au linaongezeka? Naweza kulipa kwa mkupuo baada ya mauzo? Mnakuja kuchukua kifaa baada ya siku ngapi? Majibu yawe kwenye mkataba, si mdomoni mwa muuzaji. Na akaunti isajiliwe kwa jina lako na laini yako. Iliyosajiliwa kwa laini ya wakala inakupa shida siku ya kumaliza deni, kwa sababu namba ya kukifungua kifaa kabisa inatumwa kwake.

Kuandika na kupeleka mbele

Barua iwe fupi, ya Kiswahili cha ofisini, nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kwa mfano:

"YAH: MALIPO YA SH. 5,000 AMBAYO HAYAJAINGIA KWENYE MITA NAMBA ...
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe ... saa ... nililipa Sh. 5,000, kumbukumbu namba ... Kabla ya kulipa salio la mita lilikuwa uniti 0.8. Hadi leo hakuna uniti zilizoongezeka. Naomba tokeni itumwe upya au maelezo ya maandishi ya makato."

Ambatisha picha ya ujumbe wa malipo na ya uso wa mita. Kampuni isiyo na ofisi kijijini, tuma kwa ujumbe au barua pepe, na nakala umpe mtendaji wa kijiji.

Wasipojibu, au jibu lisiporidhisha, malalamiko ya umeme wa nguzo yanakwenda EWURA. Baraza lake la watumiaji, EWURA CCC, linamsaidia mwananchi kuyaandaa. Watakuuliza kwanza kama ulianza kwa kampuni. Ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA hukata rufaa Baraza la Ushindani. Usitishwe na anayesema kampuni yenu haina leseni hivyo haishitakiki: mitambo iliyo chini ya megawati 1 haihitaji leseni, lakini iko chini ya EWURA vilevile. Sola ya mkopo ni mauziano ya kifaa, kwa hiyo mlango wake ni Tume ya Ushindani, FCC.

Mkiwa kaya nyingi wenye tatizo moja, msiandike barua moja ya jumla yenye sahihi thelathini. Kila kaya ijaze karatasi yake yenye namba ya mita, tarehe na kiasi, kisha mzifunge pamoja na barua moja ya juu. Ile ya sahihi tupu hurudishwa na swali, "Fulani analalamikia malipo ya tarehe ngapi?"