Somo: Kutunza kumbukumbu za mtoto anayesomea nyumbani

Habari zenu wote. Karibu kila wiki swali linalonifikia ni lilelile: "Mtoto anasoma kweli, lakini nikiambiwa nionyeshe, mkononi sina kitu." Leo tulimalize. Somo hili linamhusu mzazi anayesomesha mwenyewe nyumbani, na pia mwanafunzi anayejisomea akiwa na mwalimu msimamizi anayeonana naye mara moja moja.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wetu wa kwanza nilikuwa na daftari zuri sana, limepigwa mistari kwa rula. Kila Jumapili usiku naandika azimio la wiki nzima: Jumatatu hesabu za sehemu, Jumanne insha, Jumatano mzunguko wa maji. Mwaka ulipoisha nikalibeba kifua mbele kwa mkaguzi. Akalifungua katikati, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akamgeukia mwanangu: "Hapa mlisoma mzunguko wa maji. Mlifanyaje?" Mtoto akaniangalia mimi. Siku ile alikuwa na homa, hatukusoma chochote. Mzunguko wa maji tulikuja kuusoma wiki mbili baadaye, kwa sufuria na mfuniko wa kioo, tukakaa tunahesabu matone mpaka yakaanza kudondoka. Lilikuwa somo zuri kuliko yote ya muhula ule na sikuwa nimeliandika popote. Daftari zima lilikuwa kumbukumbu ya mipango yangu. Mkaguzi hakunikaripia. Alilifunga, akaomba kazi za mtoto. Nilikuwa nazo nne.

Hatua ya 1: Jua nani atazisoma

Kabla hujanunua faili hata moja, soma waraka wa mahali mlipo au wa programu mliyojiandikisha. Masharti hayafanani hata ndani ya nchi moja. Chukua Marekani. Jimbo la Pennsylvania, kwa Sheria Na. 169 ya mwaka 1988, linataka siku 180 za masomo kwa mwaka, au saa 900 kwa ngazi ya msingi na 990 kwa sekondari, pamoja na jalada lenye sampuli za kazi na daftari linalotaja vitabu vilivyosomwa. Jimbo la New York linataka ripoti nne kwa mwaka, kila moja ikieleza saa zilizotumika, yaliyofundishwa na maendeleo ya mtoto. California nako, mwanafunzi anayejisomea chini ya shule huweza kuhesabiwa mahudhurio kwa kazi aliyokabidhi: mwalimu anaitazama na kukadiria ina thamani ya muda gani wa masomo. Kukaa mezani tangu asubuhi bila kutoa kazi hakumsaidii kitu.

Kwa hiyo ile fomu nzuri uliyotumiwa na rafiki inaweza isikufae kabisa. Mimi huuchapa waraka na kupiga mstari chini ya kila kitenzi: *aorodheshe, awasilishe, atunze, aonyeshe*. Vitenzi hivyo ndivyo vinakuwa sehemu za jalada. Kisichotajwa, weka kwa faida yako mwenyewe au acha.

Hatua ya 2: Mstari mmoja, siku ileile

Sheria ile ya Pennsylvania ina sharti dogo ninalolipenda: daftari liandikwe wakati masomo yanaendelea. Lina maana. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa ya unachosahau huondoka ndani ya siku ya kwanza. Ukisubiri Ijumaa kuandika ya Jumatatu, utaandika ulichokuwa umepanga, kwa sababu ndicho ulichobaki nacho kichwani.

Mstari wenyewe uweje? Mstari usiofaa ni huu:

"Hisabati: uwiano. Amefanya vizuri."

Na huu ni wa kwetu, umenakiliwa kama ulivyo:

"Jumatano. Kapindua baiskeli magurudumu juu. Kahesabu meno ya gia: mbele 42, nyuma 14. Kabashiri pedeli ikizunguka mara moja gurudumu litazunguka mara mbili. Kafunga uzi mwekundu kwenye tairi, kazungusha taratibu, kapata mara tatu. Kagawanya mwenyewe 42 kwa 14. Kauliza: 'Kwa hiyo nikipanda mlima nataka ya nyuma iwe na meno mengi?' Dakika 40. Nilisaidia kushika baiskeli tu."

Angalia kilichomo: kahesabu, kabashiri, kajaribu, kagawanya, kauliza. Mtu ambaye hakuwepo anaona mtoto alianza na wazo lisilo sahihi, akalipima, akalirekebisha, kisha akalipeleka kwenye jambo jingine. "Amefanya vizuri" inaeleza furaha yangu mimi. Na usifiche ubashiri uliokosewa. Bila huo mstari wote unapoteza nguvu.

Si kila siku kuna baiskeli. Siku nyingi mstari wetu ni "Kasoma kurasa 12, kajibu maswali 8, kakosa la 5 na la 7, zote za kutoa kwa kukopa. Dakika 35." Unatosha.

Hatua ya 3: Weka alama ya somo pembeni

H kwa hisabati, S kwa sayansi, L kwa lugha, na kadhalika. Shughuli moja inaweza kugusa masomo mawili, na ile ya baiskeli ni H na S. Lakini msiivute ikawa pia historia, sanaa na michezo, eti kwa kuwa baiskeli ina historia. Anayekagua anaona. Na dakika 40 zigaweni kati ya masomo hayo. Msizihesabu nzima mara mbili.

Hatua ya 4: Sampuli, zikiwemo zenye makosa

Hapa ndipo wengi wetu tunajiharibia. Tunachagua kazi safi, iliyonakiliwa upya kwa kalamu ya rangi, halafu jalada zima linakuwa kama mtoto alizaliwa anajua. Maendeleo yanaonekana kwa kulinganisha, na ili ulinganishe unahitaji cha zamani kilicho kibovu.

Kila somo chukua sampuli ya mwanzo wa mwaka, ya katikati na ya mwisho, zote za aina moja. Kama ya kwanza ni insha ya kueleza kitu, ya pili na ya tatu ziwe insha za kueleza kitu. Insha ikiwekwa na shairi halafu kazi ya kujaza nafasi, haziwezi kulinganishwa. Na pale palipo na rasimu, bana rasimu nyuma ya kazi iliyokamilika. Nina karatasi moja ya binti yangu aliyofuta aya nzima kwa mkwaju mrefu, akaandika pembeni "hii haihusu". Alama yoyote ya mtihani isingenionyesha kwamba ameanza kuisoma insha yake kwa jicho la msomaji.

Nyuma ya kila sampuli, kwa penseli, andika vitu vitatu: tarehe, alichoombwa kufanya, na msaada alioupata. Kwa msaada natumia maneno matatu tu: *peke yake*, *kwa kuelekezwa*, *pamoja*. Wengi wanaliruka hili la msaada, nami naliona lina uzito kuliko alama. Hesabu kumi zote sahihi zilizofanywa "pamoja" mwezi wa kwanza, na saba sahihi "peke yake" mwezi wa sita: hapo mtoto amepanda. Bila lile neno la msaada ungesema ameshuka kutoka kumi hadi saba.

Hatua ya 5: Yale yasiyoacha karatasi

Kusoma kwa sauti, mjadala, majaribio, ufundi. Kwa kusoma, mrekodi dakika moja kila mwezi, kifungu kipya chenye ugumu unaokaribiana, na uandike maneno mangapi ameyasoma sawasawa. Kwa ufundi, piga picha kazi ikiwa katikati, mikono ikionekana. Picha ya mtoto anatabasamu kando ya kitu kilichokwisha haielezi kimetengenezwaje. Faili lipe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-12-hisabati-gia. Likianza hivyo, folda inajipanga yenyewe kwa tarehe. Kisha nakili kwenye fleshi au diski nyingine, maana simu huanguka majini bila taarifa.

Hatua ya 6: Ijumaa, dakika 20

Kaa na mtoto. Yeye achague sampuli moja na aseme kwa nini, wewe uchague moja. Nyingine arudishiwe au zitupwe. Mwisho wa mwezi andika nusu ukurasa: ameanza wapi, yuko wapi, nini bado. Basi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, nina watoto watatu na wa nne mgongoni. Hata huo mstari mmoja siuwezi.

Pole mama, nakuelewa. Usiandike, sema. Jirekodi kwenye simu nusu dakika kwa kila mtoto wakati unakusanya vitabu, kisha Ijumaa uhamishie kwenye daftari. Wakifanya shughuli moja wote, mwanzo wa mstari ni mmoja, ila mwisho kila mtoto apate wake, maana mdogo alihesabu meno na mkubwa akagawanya. Na huyo mkubwa kama ameshaanza kuandika vizuri, mstari wake auandike mwenyewe, wewe uusome na kutia sahihi.

Nimepitiwa. Miezi minne sijaandika chochote na ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi. Nijaze siku zilizopita?

Ndugu yangu, usijaze siku usizozikumbuka. Kumbukumbu za kubuni zinafanana fanana. Kalamu moja, mwandiko mmoja, kila siku dakika 60 kamili. Kusanya ushahidi uliopo: picha za kwenye simu zina tarehe zake, madaftari ya mtoto, orodha ya vitabu mlivyoazima maktaba, ujumbe uliomtumia bibi yake kumsimulia alichofanya. Panga hivyo kwa miezi, si kwa siku, na juu ya ukurasa andika wazi: "Imekusanywa baadaye, tarehe fulani." Mstari wa leo andika leo. Kisha mpigie mwalimu msimamizi kabla yeye hajakupigia.

Wangu yuko sekondari. Nitajuaje somo moja limetimia?

Uliza kwanza huko anakotaka kwenda baadaye, kwani wao ndio watakaolipokea. Shule nyingi za Marekani bado zinatumia kipimo kilichoanzishwa mwaka 1906 na wakfu wa Carnegie: takriban saa 120 za kusoma somo moja kwa mwaka ni yuniti moja. Ni kipimo cha muda, hakisemi amejua nini, kwa hiyo pamoja na saa weka muhtasari wa mada, vitabu vilivyotumika, na kazi kubwa moja au mbili. Fungua ukurasa wa kila somo mwanzoni mwa mwaka. Kujumlisha saa za mwaka mzima kwa siku moja ni adhabu.

Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye mwanafunzi mwenyewe, nina miaka 15. Nasoma zaidi kwa video. Msimamizi anasema kutazama si ushahidi.

Marahaba mwanangu. Msimamizi wako yuko sahihi, lakini dawa ni rahisi. Video ikiisha ifunge, chukua karatasi, eleza ulichokiona bila kurudia hata sekunde moja. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason (1842–1923) aliwafanyisha watoto hivyohivyo kwa vitabu: wanasoma mara moja tu, kisha wanasimulia kwa maneno yao. Ukimaliza, fungua video tena na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Andika jina la somo, tarehe na dakika. Karatasi hiyo ya rangi mbili mpelekee msimamizi, na usiinakili upya iwe safi.

Siku mbaya nazo niandike? Jana kalia, kavunja penseli, hatukufanya kitu.

Andika, dada, kwa mstari mmoja mfupi: "Dakika 15, kugawanya kwa tarakimu mbili, kakwama kwenye kushusha namba, tumeacha." Usiandike tabia yake, andika alipokwama. Mwaka jana nilikuwa na mistari mitano ya namna hiyo ndani ya wiki tatu, yote ya somo moja, na yote imeandikwa baada ya saa nane mchana. Tukahamishia hesabu asubuhi.