Jinsi ya kuchagua boti ndogo ya usukani wa katikati kwa uvuvi wa bahari kuu

Boti nyingi huuzwa asubuhi. Bahari imelala, ndani wamo watu wawili, tangi lina mafuta robo, na kila kitu kinang'aa. Mnunuzi anageuza usukani huku na huku, anaona mwendo ni mzuri, anatoa pesa. Boti ileile itakapoanza kazi itakuwa inarudi alasiri, upepo umeshaamka, watu wanne ndani, sanduku la barafu limejaa, na mawimbi mafupi yanaipiga usoni njia nzima. Chagua boti kwa ajili ya safari hiyo ya kurudi. Hatua zote hapa chini nimezipanga nikiifikiria hiyo.

Ninazungumzia boti za mita 5.5 hadi 7 hivi, ambazo usukani wake umesimama katikati na sitaha iko wazi pande zote, bila chumba. Uzuri wake mvuvi anaujua: samaki akizunguka, unamfuata kutoka tezi (nyuma) hadi omo (mbele) bila mshipi kukwama popote. Ubaya wake ni kwamba hakuna kinachokukinga na maji, kwa hiyo umbo la boti lenyewe ndilo kinga yako.

Hatua ya 1: Iandike safari yako kabla ya kutazama boti yoyote

Andika mambo manne: mnakuwa watu wangapi kwa kawaida, mnakwenda umbali gani, mnavua kwa njia gani, na upepo wa saa za kurudi una nguvu kiasi gani na unatoka upande upi. Andika hali ya siku nyingi, si ya ile siku moja unayoiota.

Njia ya uvuvi ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Anayekokota chambo nyuma ya boti akitafuta jodari au nduaro hukaa saa nyingi injini ikiwaka, kwa hiyo mafuta na utulivu wa mwendo mdogo ndivyo vinavyomhusu. Anayetia nanga au kuiachia boti iende na mkondo ili avue samaki wa chini anataka boti isiyoyumba ikisimama. Mahitaji haya mawili yanavutana, na karatasi yako ndiyo itakayoamua upande.

Hatua ya 2: Urefu, upana na kibao

Kwa watu watatu au wanne wanaokwenda mbali, mimi huanzia mita 6. Chini ya hapo unaweza kwenda, lakini idadi ya siku unazoweza kutoka inapungua sana. Upana wa kama mita 2.4 unatosha, na bado boti inavutika kwenye trela.

Tafuta kibao cha mtengenezaji. Boti zilizopimwa kwa viwango vya Ulaya zina herufi: B ni kwa upepo hadi nguvu 8 ya kipimo cha Beaufort na mawimbi hadi mita 4, C ni hadi nguvu 6 na mawimbi ya mita 2. Soma pia idadi ya watu iliyoandikwa mbele ya kila herufi, kwa sababu boti moja inaweza kuwa B kwa watu wachache na C kwa watu zaidi. Herufi hiyo si ruhusa ya kutoka nje hali ikiwa hivyo. Inakuonyesha tu mtengenezaji alikusudia nini alipochora boti.

Hatua ya 3: Tazama tumbo la boti, kisha litazame tena

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Injini hubadilishwa, viti hubadilishwa, vyombo vya elektroniki huchakaa na kununuliwa vingine. Tumbo la boti utabaki nalo mpaka uiuze.

Simama nyuma ya tezi, chuchumaa, uangalie V inayofanywa na mkuku (uti wa chini wa boti) na pande zake mbili. Pembe hupimwa kwa nyuzi, ni kiasi ambacho kila upande unapanda kutoka usawa wa mlalo, na ya kuzingatia ni ile ya tezi, si ya omo, maana karibu kila boti ni kali mbele. Boti ikiwa kwenye mwendo wa kuteleza juu ya maji, ni sehemu ya nyuma ndiyo inayolala majini na kupokea pigo. Nyuzi 20 hadi 24 ni V kali: inakata wimbi na kutua laini, lakini ikisimama inayumba zaidi na inataka injini yenye nguvu zaidi. Nyuzi 14 hadi 17 inasimama imara na kula mafuta kidogo, ila katika mawimbi ya usoni itakugonga mgongo mpaka uombe kufika. Mtindo huu wa V kali tangu omo hadi tezi ulipata jina mwaka 1960, pale boti iliyochorwa na Ray Hunt ilipozishinda nyingine katika mbio za Miami hadi Nassau kwenye bahari iliyochafuka.

Kwa mvuvi wa kawaida anayefanya kazi zote mbili, kukokota na kuvua chini, nyuzi 19 hadi 21 ndizo ninazopendekeza. Anayekwenda mbali na kukokota siku nzima asiogope 23 au 24.

Lakini pembe peke yake haitoshi. Boti nyepesi yenye V kali huruka kila wimbi na kuanguka vibaya. Uzito, ukiwa umekaa chini na katikati, ndio unaoituliza. Ukilinganisha boti mbili za urefu mmoja, uliza uzito wake bila injini. Ile nzito zaidi, kama uzito huo ni wa faibaglasi na mataruma (mbavu za boti) na si wa mapambo, mara nyingi ndiyo itakayokurudisha bila maumivu. Kisha tazama omo: kuta zake zinapaswa kupanuka kwenda juu na nje, ili maji yatupwe pembeni yasikurudie usoni.

Hatua ya 4: Maji yakiingia, yatoke yenyewe

Wimbi litaingia, hilo halina mjadala. Maji ya kina cha sentimita 10 juu ya sitaha ya mita 4 za mraba ni zaidi ya kilo 400, yanayokimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo sitaha lazima iwe juu ya usawa wa bahari hata boti ikiwa imejaa, na matundu ya kutolea maji yawe makubwa. Jaribio ni rahisi: boti ikiwa majini na vifaa vyake vyote, wasimame watu watatu kwenye kona moja ya tezi. Maji yakipanda kupitia matundu na kulowesha miguu yao, sitaha iko chini mno.

Uliza kuhusu povu la kuelea, lile linalojazwa ndani ya boti ili isizame. Kwa sheria za Marekani, boti za injini ya nje zilizo chini ya futi 20, yaani kama mita 6.1, nyingi zinalazimika kubaki zikielea hata zikijaa maji. Zilizo ndefu zaidi hazilazimishwi. Watengenezaji wengine hujaza povu bila kulazimishwa, wengine hawajazi. Usikisie, taka jibu la maandishi.

Pampu ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) iwe na swichi ya kujiwasha, na iwepo ya pili iliyofungwa juu kidogo, kwenye betri nyingine.

Hatua ya 5: Injini na hesabu ya mafuta

Usifunge injini ndogo ili kuokoa pesa. Injini inayosukuma boti nzito kwa pumzi yake ya mwisho hula mafuta mengi na hufa mapema. Lenga robo ya juu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibao, na usiivuke. Hakikisha urefu wa ukuta wa tezi unalingana na mguu wa injini. Kwa bahari kuu ninataka inchi 25, kwa sababu ukuta wa inchi 20 hupokea wimbi la nyuma kirahisi.

Injini mbili au moja? Kwa ukubwa huu mimi ni wa moja kubwa na ndogo ya akiba ya nguvu farasi 8 au 10, yenye tangi lake lenyewe. Injini mbili kubwa zinaongeza uzito mahali pabaya zaidi, na kama zote zinanyonya tangi moja lililoingia maji, zitazima pamoja. Chujio la kutenganisha maji na petroli ni la lazima kwa vyovyote vile.

Sasa piga hesabu. Tuseme unakwenda maili 25 za baharini, na boti inakula lita 1.2 kwa kila maili ikiwa na mzigo. Kwenda na kurudi ni lita 60. Kukokota saa tano kwa lita 6 kwa saa ni lita 30. Jumla 90. Kiasi hicho kisizidi theluthi mbili za tangi, theluthi moja ibaki ya upepo mbaya, mkondo, au kumvuta mwenzako aliyeharibikiwa. Kwa hiyo tangi lisiwe chini ya lita 135. Boti nzuri yenye tangi la lita 90 haifai kwa safari hii, hata ikipendeza vipi, na mitungi ya petroli iliyofungwa kamba sitahani si jibu.

Hatua ya 6: Sitaha

Hapa pita haraka, maana vingi vinarekebishika. Kingo za boti zifike katikati ya paja lako, na miguu iingie chini yake ukiegemea kumvuta samaki. Njia ya pembeni ya usukani ipitike na mtu mwenye jaketi la kuokolea bila kugeuka ubavu. Paa juu ya usukani ni zuri kwa jua, ila ni uzito wa juu. Lisiwe sehemu ya kuhifadhia mizigo. Tangi la chambo hai likijaa lita 100 ni mtu mzima mmoja zaidi nyuma, mhesabu. Redio ya VHF na kifaa cha kuomba msaada cha 406 MHz vipatiwe nafasi na bajeti kabla ya skrini kubwa ya kutafutia samaki.

Hatua ya 7: Kama imetumika, ikague kwa mikono

Anza na tezi. Inyanyue injini nusu, shika mguu wake karibu na propela, utikise juu na chini kwa nguvu huku mwenzako ameweka macho kwenye ukuta inapofungwa. Ukuta usio na kasoro hausogei. Ukiona unapumua, au kona zina nyufa nyembamba kama nywele zinazotoa maji ya rangi ya kahawia, mbao za ndani zimeoza. Matengenezo hayo ni makubwa. Ama bei ishuke kwa gharama yake yote, ama uondoke.

Kisha chukua mpini wa bisibisi na ugonge tumbo na sitaha kila baada ya kiganja kimoja. Sehemu nzima inajibu kwa sauti kavu na kali. Sehemu iliyoachana tabaka au kulowa inajibu kwa sauti butu. Weka alama kwa chaki kila sauti inapobadilika. Alama zikiungana na kuwa duara kubwa, umepata tatizo. Tembea pia sitahani bila viatu, kisigino kinahisi ulaini ambao jicho haliuoni.

Legeza skrubu ya chini ya mguu wa injini, itoke oili kidogo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yanaingia. Taka kipimo cha mgandamizo wa silinda zote. Tofauti kati yao isizidi asilimia 10 hivi. Fungua ngama unuse. Tangi la alumini lililozikwa ndani ya povu huliwa na kutu kutoka nje, pasipoonekana, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama humo chini. Harufu ikiwepo, usiwashe swichi yoyote.

Hatua ya 8: Iende baharini siku yenye upepo

Kataa jaribio la bahari shwari. Subiri upepo wa noti (maili za baharini kwa saa) 12 hadi 15, pakia watu au madumu ya maji yafikie mzigo wako halisi, na tangi lijae walau nusu.

Ielekeze kwenye mawimbi kwa mwendo ambao ungerudi nao nyumbani. Kisha punguza gesi kidogo kidogo, ukisoma GPS, mpaka boti ianguke kutoka kwenye kuteleza. Iandike namba hiyo. Boti inayoendelea kuteleza kwa noti 12 au 13 ni hazina, kwa sababu bahari ikichafuka huwezi kwenda 22, na inayoanguka ikifika 17 itakulazimisha uchague kati ya kupigwa na kujikokota omo ikiwa juu angani. Vibao vya kusawazisha chini ya tezi husaidia kushusha namba hiyo. Vijaribu kama vipo.

Igeuze mawimbi yaje ubavuni, kisha nyuma. Wimbi la nyuma ndilo la kuangalia kwa makini: je, omo inachimba na kutaka kupinda, au inanyanyuka na kushika njia? Fungua gesi yote kwa muda mfupi. Mizunguko ya injini kwa dakika ifike ndani ya kiwango cha mtengenezaji, ambacho kwa injini nyingi ni 5,000 hadi 6,000. Isipofika, huenda propela ni kubwa mno, na kupunguza inchi moja ya msuko wake (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Zima, iachie iende mrama dakika kumi, uone kama unaweza kusimama na kufunga ndoana. Rudisha nyuma pia, taratibu, uone kama maji yanaruka ukuta wa tezi.

Ukirudi gatini, kabla muuzaji hajaanza kuzungumza bei, fungua mfuniko wa ngama. Uliiacha ngama kavu asubuhi. Ukikuta maji ya chumvi, chukua tochi uyafuate mpaka uone yanapoingilia.